SAFARI YA SIKU MOJA BUNKEYA: NAMNA YA KUIPANGA



Tangu muhula wa pili ulipoanza, watu wananisimamisha kwenye baraza ya madarasa na kwenye uwanja wa mpira: « Kapita, ile safari ya Bunkeya itakuwa ao haitakuwa? » Jibu la Bwana Prefe ni hili: andikeni kwanza mpango wote, niusome, kiisha tutaongea. Basi, kamati ya wanafunzi watano ilikaa mara tatu, na mimi nimepewa kazi ya kueleza hapa mambo tuliyopatana. Tafazali someni mpaka mwisho, hata ninyi msiopenda somo la historia. Safari nyingi za shule huharibika mbele watu hawajapanda lori.

1. BUNKEYA NI PAHALI GANI?

Bunkeya iko upande wa kaskazini wa mji wetu wa Likasi, katika uwanda mkubwa karibu na mto Lufira. Ni makao ya Mwami wa Bayeke. Tangu jimbo la Katanga lilipogawanywa katika mwaka 2015, Bunkeya iko katika jimbo la Lualaba, territoire ya Lubudi, na siye wa Likasi tuko katika Haut-Katanga. Kumbukeni jambo hili, tutalirudilia tutakapoongea juu ya karatasi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu akisikia « mji wa mfalme », anafikiri jumba la mawe lenye gorofa, madirisha mia na bustani ya maua, sawa katika picha za kitabu cha historia ya Ulaya. Akienda Bunkeya na picha hiyo kichwani, atarudi na huzuni. Bunkeya ya zamani haikujengwa kwa mawe. Ilikuwa vijiji vingi vilivyotawanyika uwandani, na boma la miti la mfalme kati yao. Wake wengi wa mfalme walikuwa na vijiji vyao, na kwa njia hiyo macho yake yalifika kila upande. Pale amri zilitoka, misafara iliingia, shaba na pembe za tembo zilikusanywa. Miti na udongo haviwezi kudumu miaka zaidi ya 130. Vilivyobaki ni makaburi ya wafalme, makao ya Mwami, desturi, na habari katika vinywa vya wazee.

Kwa hiyo asiyejifunza mbele ataona nyumba, miembe na vumbi, kiisha atasema: « Hakuna kitu. » Matayarisho ya kwanza ya safari hii ni kusoma. Feza na lori vinafuata.

2. MAMBO SHERTI KUYAJUA MBELE YA KUPANDA LORI

Msiri, jina lake la kwanza Ngelengwa, alizaliwa karibu mwaka 1830 upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba mpaka huku. Mtoto akaja nyuma ya baba, na karibu mwaka 1856 akakaa. Yeye na watu wake waliitwa Bayeke. Walikuwa na bunduki, na wenyeji wengi hawakuwa nazo. Kidogo kidogo, kwa urafiki, kwa ndoa na kwa vita, Msiri akashika inchi kubwa. Karibu mwaka 1880 mji wake mkubwa ulikuwa Bunkeya.

Lakini tusidanganyike: shaba haikuanza na Bayeke. Basanga na wenyeji wengine walikuwa wakiyeyusha mawe ya malakiti tangu zamani sana, katika tanuru walizojenga kwa udongo wa kichuguu, na kutoka humo walipata misalaba ya shaba iliyotumika kama feza. Ndiyo ile misalaba mitatu iliyowekwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Bayeke nao walileta ufundi wa kuvuta shaba kuwa waya. Wanahistoria wanaandika tena kwamba walileta viazi vitamu, na ile desturi ya kumchanja mtu kidogo ili asiuawe na ndui.

Kutoka Bunkeya njia zilikwenda pande mbili: mashariki mpaka Zanzibar, magharibi kwa Bihé mpaka Benguela, katika Angola ya leo. Pembe, shaba na chumvi zilitoka. Bunduki, baruti na nguo ziliingia. Na watu pia walitoka, wamefungwa, wameuzwa kama watumwa. Neno hili tusilipite mbio. Nitalirudilia. Kwa misafara hiyo, Kiswahili kilisikika katika inchi hii hata mbele ya reli na migodi.

Katika mwezi wa pili wa mwaka 1886, Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa njia ya magharibi. Yeye ni mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika Katanga. Mwisho wa mwaka 1887 Charles Swan na William Faulknor wakamfuata, na mwaka 1890 akaja Dan Crawford. Walikaa kwa ruhusa ya Msiri, katika mji wa Msiri. Arnot aliandika kitabu kiitwacho Garenganze, kilichotoka mwaka 1889. Jina hilo ni la inchi ya Msiri.

Kiisha wakaja wengine, na hawa hawakutafuta roho za watu. Kila mmoja alitaka bendera na shaba. Mwezi wa kumi na moja 1890 alikuja Alfred Sharpe kwa ajili ya kompani ya Waingereza, Msiri akakataa. Mwezi wa nne 1891 alikuja Paul Le Marinel kwa ajili ya État Indépendant ya mfalme Leopold II, akaacha kituo kule Lofoi. Mwezi wa kumi akaja Delcommune. Msiri akakataa tena. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 1891 akaingia kapiteni William Stairs, Mkanada aliyetumikia Leopold. Alikuwa ametoka pwani ya mashariki na watu zaidi ya 300, wengi wao wapagazi na askari kutoka Zanzibar.

Wakati ule Msiri alikuwa mzee, na inchi yake ilikuwa imechoka. Basanga walikuwa wameasi, baruti ilipungua, njaa ilikuwa Bunkeya. Lakini hakukubali bendera. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891 Stairs alimtuma kapiteni Bodson, Mbelgiji, pamoja na mwenzake Mfaransa, de Bonchamps, wakamkamate. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri risasi, akafa. Papo hapo mtu wa Msiri akampiga Bodson, naye akafa siku ile. Watu wa msafara wakakata kichwa cha mfalme wakakiinua juu ya mti, watu wote waone. Mpaka leo haijulikani wazi kichwa kile kilikwenda wapi.

Mtoto wake Mukanda-Bantu alipokea ufalme mdogo, akahamia upande wa kituo cha Lofoi. Baadaye Bayeke walirudi Bunkeya. Mukanda-Bantu alitawala mpaka 1910, kiisha Kitanika mpaka 1940, Musamfya mpaka 1956, Antoine Munongo mpaka 1976, na Godefroid Munongo mpaka kufa kwake mwaka 1992. Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga wakati wa secession, 1960 mpaka 1963. Kaka yake Antoine alikusanya habari za wazee na kuziandika kwa kifaransa.

Juu ya nini mtoto wa Likasi ajue haya? Hesabu miaka. Msiri alikufa 1891. Union Minière ilianzishwa 1906, miaka 15 tu baadaye. Mji wetu ulizaliwa na shaba. Wengi kati yetu wana baba ao babu aliyefanya kazi katika migodi na viwanda vyake. Mlango wa habari hiyo yote uko kule Bunkeya.

3. MABISHANO YALIYOTOKEA KATIKA KAMATI

Sitaficha neno hili, kwa sababu ndilo lingeweza kuua safari kuliko ukosefu wa feza. Katika mkutano wa kwanza, mwenzetu mmoja alisimama akasema: « Siye tutaenda kule kufanya nini? Kule njo kwenye walitesaka bankambo yetu. Tutaenda kupigia makofi watu waliouzisha watu? » Mwingine akajibu kwa hasira: « Kama si Msiri, nani angejua Katanga? Yeye alikufa juu ya kukataa bendera ya wazungu. Bankambo yako walifanya nini? »

Mkaona. Dakika kumi tu, na wanafunzi wa darasa moja, wanaokula bukari kwenye meza moja, walikuwa wamekuwa makabila mawili. Wengine wakasema afazali tuache, twende kwenye maporomoko ya maji, maji hayana kabila.

Mwalimu wetu wa historia, tuliyemwomba aje katika mkutano wa pili, hakusema nani ana haki. Aliuliza maneno mawili tu. La kwanza: « Je, mtu mmoja anaweza kukataa kutawaliwa, na yeye mwenyewe kutawala wengine kwa ukali? » Tukanyamaza. La pili: « Nani kati yenu amemuuliza babu yake habari hizi, na kuandika jibu? » Hakuna aliyeinua mkono. Tulikuwa tunapigana kwa maneno tuliyoyaokota njiani.

Basi kamati ilipatana hivi, na mambo haya ni sheria ya safari:

Kwanza, kila mwanafunzi atakayekwenda sherti aulize mzee mmoja wa nyumba yake ao wa mtaa wake mbele ya safari. Awe Msanga, Mlamba, Mluba, Myeke ao mtu wa mbali, si neno. Aandike ukurasa mmoja: mzee anasema nini juu ya Msiri na Bayeke, na yeye alisikia kwa nani. Asiye na ukurasa hapandi lori, hata kama amelipa feza yote.

Pili, vikundi vitachanganywa. Kamati itaandika vikundi vinane vya watu watano, na ndugu wa kabila moja hawatajazwa katika kikundi kimoja.

Tatu, tutasoma kila mwandishi kwa kujua alisimama wapi. Daktari Moloney, aliyeandika kitabu mwaka 1893, alikuwa mtu wa msafara wa Stairs. Crawford alikuwa mmisionari. Mwami Antoine alikuwa wa ukoo wa Msiri. Wageni waliandika juu ya vichwa vya watu vilivyowekwa juu ya miti ya boma la Msiri. Watu hao hao wa msafara walikiweka kichwa chake juu ya mti. Hakuna kati yao aliyesimama pahali pasipo na upande. Hilo halina maana kwamba wote walisema uongo. Maana yake ni kwamba sherti tuwasome pamoja.

Mwenzetu yule wa kwanza amekubali kuja. Alisema: « Nitaenda, lakini nitauliza. » Vizuri. Ndiyo maana ya kwenda.

4. SIKU GANI?

Wengi walitaka tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu ile siku Bayeke wanakumbuka kifo cha Msiri, na Bunkeya inajaa watu. Fikra ni nzuri, lakini kwa shule si nzuri. Mwezi wa kumi na mbili ni katikati ya mvua. Barabara ya udongo inageuka kuwa sabuni, na lori likikwama jioni, tutalala porini. Tena siku ya sikukuu wazee hawana wakati wa kukaa na wanafunzi na kujibu maulizo.

Mwezi wa pili na wa tatu, mvua ingali kubwa. Mwezi wa nane ni kavu sana, lakini ni likizo. Mwezi wa sita wanafunzi wa darasa la sita tunaanza kukosa usingizi juu ya examen d'État, wala mzazi mmoja hatakubali. Inabaki mwezi wa tano: mvua imekwisha, barabara imeanza kukauka, baridi si kali bado. Hata wayeyusha shaba wa zamani walingoja mavuno yakwishe na mvua ikatike, ndipo walikwenda kwenye tanuru zao. Kamati inaomba siku ya posho ya pili ya mwezi wa tano. Ikizuiliwa, siku ya posho inayofuata.

5. NJIA NA SAA

Nitaandika saa kwa mtindo wa kengele yetu ya shule, mtu asichanganyikiwe.

Namna ya kuhesabu ni hii. Pima kwa rula katika ramani kubwa ya ofisi ya jeografia: kutoka Likasi mpaka Bunkeya utapata karibu kilometa 70 kwa mstari ulionyooka. Lakini barabara haiendi kama risasi. Kwa hesabu ya kupanga, ongeza theluthi moja: unapata karibu 95. Hicho si kipimo cha barabara yenyewe, ni akiba ya akili. Katika barabara ya udongo usihesabu zaidi ya kilometa 25 kwa saa. Gawanya 95 kwa 25: karibu saa 4 kwenda, na saa 4 kurudi. Atakayesema « dereva huyu anakimbia sana, atatumia saa mbili » asipewe kazi ya kupanga.

Tena jua. Katika mwezi wa tano jua linazama mbele ya 18 h 00. Sherti tuwe mjini mbele ya giza. Basi fanya hesabu kwa kurudi nyuma:

4 h 30: wote uwanjani, kuhesabu watu, maombi mafupi.
5 h 00: kuondoka.
9 h 00: kufika na kusalimia kwenye makao ya Mwami.
10 h 15: makaburi ya wafalme.
11 h 15: kukaa na wazee, maulizo.
12 h 30: chakula.
13 h 15: kuhesabu watu tena.
13 h 30: kuondoka, hata kama mtu mmoja anaongea utamu.
17 h 30: kufika shuleni.

Mkiangalia vizuri, tuna saa nne na nusu tu Bunkeya. Saa moja na zaidi imewekwa kwa kusalimia. Watu wa mjini watasema ni kupoteza wakati. Wanakosa. Katika nyumba ya mfalme mgeni anangoja, na mtu anayengoja vizuri anaanza kuaminiwa.

Mafuta: muulize dereva lori lake linakula litre ngapi kwa kilometa 100. Mfano, kama ni 30, kwa kilometa 190 za kwenda na kurudi ni litre 57. Chukua 70. Gurudumu la akiba sherti liwe na upepo, si la kufunika macho ya prefe. Siku tatu mbele, kamati itapiga simu kwa mtu wa Bunkeya kuuliza hali ya barabara na madaraja. Lori liwe na mabenchi na kamba. Hakuna mtu juu ya kabini. Hakuna kuongeza abiria njiani, hata kama ni mjomba wa dereva.

6. BARUA NA KARATASI

Mtu haingii katika nyumba ya mfalme kama kuingia sokoni. Mwezi mmoja mbele, barua ya shule itapelekwa kwa mkono kwenye makao ya Mwami, yenye sahihi ya Bwana Prefe na muhuri. Iseme mambo manne tu: siye ni nani, tutakuwa watu wangapi, siku gani, na tunataka kujifunza nini. Tuombe wazee wawili ao watatu wa kutueleza. Tusiandike « tutakuja ». Tuandike « tunaomba kuja ». Jibu lisipofika, hatuendi.

Tena, kwa sababu tunatoka jimbo moja na kuingia lingine, shule itatoa ordre de mission yenye majina ya wote, na kila mtu awe na karata yake ya mwanafunzi. Orodha ya majina ifanywe mara tatu: moja kwa mwalimu, moja kwa dereva, moja ibaki ofisini. Kila mzazi atatia sahihi. Wanafunzi 40, walimu watatu, na mmoja kati yao awe mama, kwa ajili ya wasichana wetu.

7. FEZA NA POSHO

Hapa nitasema kwa kifupi. Bei ya mafuta inageuka, kwa hiyo siandiki bei. Mweka feza atabandika hesabu kwenye ubao wiki tatu mbele. Mtaona mistari minne: lori na mafuta, chakula, zawadi ya Mwami na ya wazee, na akiba. Akiba ni sehemu moja ya kumi. Kiisha gawanya kwa watu. Mfano tu: feza yote ikiwa falanga 600 000 na watu 40, kila mmoja anatoa 15 000. Inalipwa mara tatu, na kila mara mtu anapewa karatasi. Asiye na feza asijifiche: kuna kazi ya kulima shamba la shule siku mbili za alasiri, na jina lake litaandikwa sawa na la wengine, pasipo alama.

Chakula: mikate, karanga, mayai ya kuchemsha, ndizi. Maji ya kuchemsha katika bidon mbili kubwa, na kila mtu chupa yake. Sanduku ya dawa litashikwa na mwalimu wa biolojia. Uchafu wetu utarudi nasi Likasi.

8. KAZI YETU KULE BUNKEYA

Kila kikundi kitashika maulizo matano yale yale, yaliyoandikwa mbele:

Mji wa zamani ulianzia wapi na kuishia wapi?
Mwami wa kwanza alipatanaje na wakubwa wa inchi aliowakuta, na nani hakupatana naye?
Watumwa walitoka wapi, na watoto wao wako wapi leo?
Siku ya 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, wazee wenu waliwaeleza nini?
Leo kazi ya Mwami ni nini?

Ulizo la tatu ni gumu. Kamati ililiondoa, kiisha ikalirudisha. Hatuwezi kwenda kwenye mji ule na kuuliza juu ya shaba tu, na kuacha watu. Lakini kuna namna ya kuuliza. Usiseme: « Juu ya nini mliuzisha watu? » Mzee aliye mbele yako hakumwuzisha mtu. Sema: « Mzee, kwetu tunasikia hivi. Hapa mnaelezaje? » Kiisha nyamaza, andika. Usimkate neno, usicheke, usimtazame mwenzako kwa jicho. Akikataa kujibu, andika kwamba hakujibu, na umshukuru.

Kwenye makao ya Mwami, kofia zinavuliwa, vijana kwa wasichana wamevaa uniforme. Namna ya kusalimia tutafundishwa na mtu wa pale; tufanye kama anavyotuonyesha. Kwenye makaburi hakuna kelele wala kukaa juu ya mawe. Picha kwa simu ni kwa ruhusa tu, na ruhusa inaombwa na mwalimu, si kila mtu kwa zamu yake.

9. BAADA YA KURUDI

Jumatatu ile vikundi vitakaa na kurasa mbili mkononi: ule wa mzee wa nyumbani, na ule wa Bunkeya. Mambo yanayolingana yatatiwa mstari mmoja, yasiyolingana yatatiwa mistari miwili. Namba inayofuata ya gazeti hili itayachapa yote mawili, bila kuchagua mshindi. Stensil zitakuwa nyingi, na mwalimu wa mashine amekwisha kulalamika. Tumemwahidi vijana wawili wa kugeuza mkono wa mashine.

Wapendwa, mpango huu uko mezani pa Bwana Prefe tangu juma lililopita. Yeye amesema atautazama zaidi kwa jambo moja: kama wanafunzi wote wa makabila yote wanaandikisha majina. Orodha ikijaa na watu wa upande mmoja tu, hatatia sahihi. Kwa hiyo kila mmoja wenu anaposita kuandika jina lake, ajue anasita kwa ajili ya wote.

Majina yatapokelewa katika darasa la sita, kila siku ya tatu baada ya masomo, tangu 13 h 00. Njoo na ukurasa wa mzee wako, ao uje kwanza tukupe karatasi tupu.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la sita